AFYA YETU: Mficha Uchi Hazai

Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo wanaume wengi hulificha. Mtu ana kisukari. Kila siku anachoka. Hamu ya tendo la ndoa imemwisha. Anaona aibu kumwambia mganga wa zahanati. Badala yake ananunua dawa za nguvu za kiume mnadani. Fedha zinakwisha, ugonjwa uko pale pale.

Kwa nini hali hiyo hutokea? Sababu kubwa ni mbili. Kwanza, sukari ikizidi katika damu kwa muda mrefu, huharibu mishipa ya damu na ya fahamu. Pili, wanaume wengi wenye kisukari, hasa walionenepa, wana upungufu wa testosteroni. Hii ni homoni inayotengenezwa na korodani. Huleta ndevu na sauti nzito. Huimarisha misuli na mifupa. Hutia hamu ya tendo la ndoa.

Upungufu huo haujulikani kwa kutazama. Damu hupimwa asubuhi, kabla ya kula. Kisha hupimwa tena siku nyingine ili kuhakikisha.

Ukithibitika, daktari anaweza kutoa testosteroni ya sindano au ya kupaka. Lakini kumbuka mambo haya:

1. Haichukui nafasi ya dawa za kisukari. Usiziache.
2. Hupunguza mbegu za uzazi. Kama bado unataka watoto, mwambie daktari kwanza.
3. Huweza kufanya damu iwe nzito mno. Lazima damu ipimwe mara kwa mara.
4. Mwenye saratani ya tezi dume au ya titi hapewi.

Mwaka 2021 wataalamu wa Australia walitoa matokeo ya utafiti wao. Wanaume wanene wapatao 1,000 walifundishwa kula vizuri na kufanya mazoezi. Nusu yao walichomwa testosteroni, nusu sindano isiyo na dawa. Baada ya miaka 2, waliokuwa na kisukari walikuwa 12 katika kila 100 waliochomwa dawa, na 21 katika kila 100 wasiochomwa. Lakini damu ya baadhi ya waliochomwa ilizidi uzito.

Kupunguza unene nako huongeza testosteroni, bila sindano. Basi anza hapo. Nenda zahanati ukapime sukari. Eleza yote bila kuficha. Ukiweza, nenda na mkeo, maana jambo hili ni lenu wote wawili.