Siri ya Nyumba Tumpe Nani?

Miongoni mwa adabu tulizolelewa nazo sisi watu wa pwani, tangu Lamu hadi Vanga, mojawapo ni hii: mambo ya ndani hayatolewi nje. Bibi harusi huambiwa hivyo na somo yake, na bwana harusi huambiwa na ami yake baada ya nikaha. Ni adabu njema, wala sina nia ya kuibomoa. Lakini kila adabu ina mpaka wake. Nimeona, na bila shaka nawe msomaji umeona, mume na mke wakiishi chini ya paa moja kama wapangaji wawili, hawasemezani ila kwa kupitia watoto, mpaka siku moja karatasi ya talaka inatoka, na mtaa mzima unauliza, "Kwani hawa walikuwa na nini?" Wahenga walitwambia kuwa mficha maradhi, kifo humuumbua. Nasi tunaendelea kuficha.

Swali langu leo ni hili: nyumba inapoanza kufuka moshi, au moyo wa mtu unapomwelemea, aende kwa nani?

Kwanza niseme kwamba dini yetu haikutuamrisha kunyamaza. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 35, Mwenyezi Mungu anatuelekeza kwamba tukichelea mfarakano baina ya mume na mke, tumpeleke mwamuzi kutoka kwa jamaa za mume na mwamuzi kutoka kwa jamaa za mke. Tazama vizuri: amri ni tunapochelea, si baada ya nguo kuraruka. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipoteremka kutoka pango la Hira akitetemeka, alikwenda kwa Bibi Khadija. Yule bibi hakumcheka wala hakumwambia ajikaze. Alimfunika, akamsikiza, akamtuliza kwa maneno mema, kisha akampeleka kwa Waraqa bin Nawfal, mtu wa elimu. Kusikizwa kwanza, halafu kupelekwa kwa mjuzi. Nani atasema huu ni uzushi wa siku hizi?

Wazee wetu nao walikuwa na njia zao. Mwana Kupona binti Mshamu wa Siu alimtungia bintiye utendi mzima, yapata mwaka 1858, amwachie mawaidha ya maisha kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Somo alikuwa akikaa nyumba ya tatu, anaijua tabia ya mke na ya mume, akiitwa anakuja kabla ya chai kupoa. Leo binti ni wa Malindi, mumewe kazi yake Changamwe, mama mkwe yuko Jeddah, na somo keshatangulia mbele ya haki. Vijana wetu wengi, wake kwa waume, wamekwenda Saudia, Qatar na Oman kutafuta riziki. Mtu akirudi baada ya miaka miwili humkuta mwenzake mgeni, na watoto wanajificha nyuma ya mlango. Na tuseme kweli, ndugu zangu: baadhi ya wazee siku hizi si waamuzi tena, ni mawakili. Ami anavutia kwake na mjomba anavutia kwake. Jambo alilolisikia khalati asubuhi, likifika alasiri limeshasimuliwa kwenye shughuli ya harusi.

Kuna njia nyingine tunayoikimbilia: kila jambo ni jini. Mimi nimesomeshwa Kurani tangu utotoni, na siwezi kukana kwamba ndani yake mna shifaa. Lakini mwanamke aliyejifungua akawa analia kutwa, hapati usingizi hata mtoto akilala, hana hamu ya kumpakata mwanawe, huyo ana maradhi yanayojulikana na yanayotibika. Vivyo hivyo mwanamume aliyefiwa au aliyefilisika akawa halali mwezi mzima. Tukimzungusha kwa waganga, kombe leo, mbuzi kesho, pesa zinakwisha na mgonjwa anazidi. Asomewe, naam, lakini apelekwe na kwa mjuzi.

Wala elimu hii si mali ya Wazungu peke yao. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na afya ya nafsi. Alifafanua kuwa nafsi huugua kama mwili unavyougua, akazungumza juu ya hasira, hofu, huzuni na wasiwasi, na jinsi ya kuvitibu kwa fikira na kwa maneno. Na hospitali aliyoijenga Sultani Qalawun mjini Cairo mwaka 1284 iliwapokea wagonjwa wa akili pamoja na wagonjwa wengine. Wenzetu hao walikuwa na imani haba?

Katika Kenya ya leo mtu wa kazi hii anaitwa mshauri nasaha, na wengine humwita mnasihi. Tangu mwaka 2014 iko sheria inayowahusu washauri nasaha na wanasaikolojia, ikaweka bodi ya kuwasajili. Kwa hivyo jambo la kwanza, usione haya kumuuliza: umesomea wapi, na umesajiliwa? Fundi wa dau humuulizi tu, unatazama na vyombo alivyounda. Je, anayeshika moyo wako? Asiyejua pa kuanzia aanze hospitali ya serikali. Hapa Mombasa, Port Reitz imetibu maradhi ya akili kwa miaka mingi. Na aliyefikwa na fikira za kujitoa roho asiogope kusema na asingoje kesho. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichokuwa kikimwadhibu aliyejaribu kujiua kinapingana na katiba. Mtu huyo ni mgonjwa wa kuhudumiwa, si mhalifu wa kufungwa.

Jambo la pili, mtazame anavyosikiza. Mshauri mwema husema machache. Wakiwa mbele yake mume na mke, hawi mtu wa huyu wala wa yule. Kila mmoja hupewa zamu yake, na akikatizwa hurudishiwa. Hakutolei hukumu kama kadhi, wala hakutolei hotuba kama khatibu. Siri yako kwake ni amana, na tangu siku ya kwanza hukueleza mpaka wa amana hiyo, kwamba uhai wa mtu ukiwa hatarini hatanyamaza. Ada yake huitaja mapema. Akiona jambo linataka dawa, hukupeleka kwa daktari. Na ukimwona anakutaka urafiki, au mkono wake hautulii, inuka uende zako na umshtaki.

Jambo la tatu ni dini. Si lazima awe Mwislamu, lakini lazima awe na heshima. Anayeiona buibui ndiyo maradhi yako, huyo hakufai. Na anayekwambia kila huzuni ni upungufu wa imani, awe na kilemba kikubwa namna gani, naye hakufai. Mwanamke ana haki ya kuomba ashughulikiwe na mwanamke mwenziwe. Asipopatikana, mlango na uwe wa kioo au maharimu wake akae hapo nje, ili khalwa isiwe kisingizio cha kumkosesha dawa. Na kumwona mshauri mara ya kwanza si kufunga nikaha: moyo usipotulia, tafuta mwingine.

Najua wanaume wenzangu watasema, "Mimi nikakae mbele ya mtu nimweleze mambo ya chumbani?" Bwana, hayo ya chumbani unayaeleza barazani kwa mzaha kila usiku, ila huyaelezi mahali panapoweza kukufaa. Hata hivyo, mwenzako akikataa katakata, nenda wewe peke yako. Mmoja akijifunza kusema bila ya kutukana, na kunyamaza bila ya kununa, nyumba nzima husikia tofauti.

Lakini pana nyumba ambazo hazifai kupatanishwa kwanza. Suluhu ni ya watu wawili wanaoweza kuzungumza bila ya mmoja kumwogopa mwenziwe. Panapo kipigo, usimkalishe mke ubavuni mwa anayempiga ukamwambia aseme yaliyo moyoni. Atasema hapa, atalipia nyumbani. Huyo atafutiwe usalama kwanza: kwa jamaa, hospitali, polisi, na mahakamani, kwani tangu mwaka 2015 iko sheria ya kuwalinda watu na ukatili wa nyumbani. Subira ni ibada, lakini kumsubirisha mwenzako katika dhuluma si ibada.

Sasa nawageukia wakubwa wetu. Katiba ya mwaka 2010 imezipa mahakama za kadhi mambo ya ndoa, talaka na urithi wa Waislamu. Lakini watu wanafika huko wakiwa wameshachoka, wanataka karatasi tu. Naona kila msikiti mkubwa ungetenga chumba kimoja, akakaa humo mwanamume na mwanamke waliosomea kazi hii, hata kwa siku mbili katika juma. Wazazi nao, katika fedha wanazomwaga kwa pilau, mapambo na maturubali, wangetoa sehemu ndogo wachumba wakakae na mshauri mara tatu kabla ya nikaha, wakaulizana juu ya fedha, wakwe, watoto na safari za Arabuni.

Na zaidi ya yote, tuwasomeshe wana wetu kazi hii. Mama wa Faza au wa Likoni akisema, "Moyo wanisokota," au "Nafsi imenidhiki," anataka mtu atakayemfahamu pale pale, bila ya mkalimani na bila ya yeye kujitafuna ulimi akitafuta maneno ya kizungu. Tunao vijana wengi waliomaliza shule na ambao walilelewa katika lugha hii. Kaunti za pwani zina fedha za kuwasaidia wanafunzi. Wachache tu kati yao wakisomeshwa, somo aliyetutoka atakuwa amepata mrithi.