Karloff Hakuwa Zimwi, na Sumbawanga Si Kijiji cha Wachawi

Yule aliyeandika kwamba anayeigiza uchawi lazima ana lake jambo, na kwamba filamu ya kutisha ikapigwe Sumbawanga ndipo inoge, amekosea mara mbili.

Boris Karloff, zimwi la filamu ya Frankenstein ya mwaka 1931, alikuwa Mwingereza mpole aliyezaliwa London kwa jina la William Henry Pratt. Alikaa kitini karibu saa nne akipakwa rangi na kubandikwa kichwa bapa, kisha akavaa mabuti mazito. Mgongo ulimsumbua hadi uzeeni. Mwanzoni mwa filamu hata jina lake halikuandikwa, iliwekwa alama ya kuuliza tu! Mwaka 1933 akawa miongoni mwa waasisi wa chama cha waigizaji wa Hollywood. Uchawi uko wapi hapo?

Hata mwongozaji wetu Mussa Banzi alipotutisha kwa filamu ya Nsyuka, hakutegemea sifa ya uchawi wa Ufipa, nchi yetu ya Sumbawanga. Huku juu Sumbawanga kamera itakuta mashamba ya mahindi, baridi ya Juni, na mabaki ya malungu, tanuru ndefu za udongo walimoyeyushia chuma mababu wa Kifipa. Mwandishi apande basi kwanza, ndipo aandike.