Usiniuzie Picha Bila Koti

Kumuuzia mtu picha kwa shilingi 30,000 bila kuipaka kinga yoyote, halafu umwambie "hii itakaa miaka mia," ni utapeli. Najua marafiki zangu wapiga picha watanuna. Wanune.

Picha za sanaa siku hizi hutoka kwenye printa ya inkijeti, mara nyingi juu ya karatasi ya pamba. Wino wa pigmenti ni chembechembe zinazokaa juujuu. Kwenye karatasi isiyong'aa, pitisha kucha kwenye sehemu nyeusi uone kama alama haitabaki. Nyingi zinazong'aa nazo zina vitundu vidogo vinavyofyonza wino haraka, na hewa chafu pia. Mwaka 2000 Epson waliuza printa za Stylus Photo 870 na 1270 wakisifia picha zinazodumu miaka. Kwa wateja wengine, picha ziligeuka rangi ya chungwa ndani ya wiki chache. Ozoni ndiyo iliyozila.

Hiyo "miaka mia" pia ina masharti. Makadirio yanayonukuliwa sana, ya Wilhelm Imaging Research ya Marekani, huchukulia mwanga wa luksi 450 kwa saa 12 kila siku, picha ikiwa nyuma ya kioo. Wewe umempa mtu karatasi tupu, imeviringishwa kwenye paipu ya kadibodi. Kioo kiko wapi?

Na kazi yenyewe si uchawi. Acha wino ukauke angalau siku nzima. Pangusa vumbi. Vaa barakoa, fungua madirisha, puliza sprei koti mbili au tatu nyembamba, moja ya mlalo, nyingine ya wima. Ukiwa Mombasa, ngoja siku isiyo na unyevu mwingi, la sivyo sprei inaweza kuacha ukungu mweupe. Picha ya turubai ipake vanishi, maana wino hupasuka kwenye kingo ukiivuta juu ya fremu.

Kuna wanaosema sprei inaua mguso wa karatasi. Inaua ukiimwaga kama unapaka geti. Wengine hukimbilia lamineti. Bana, hiyo ni plastiki na gundi, kama kitambulisho, na kuibandua ni kuharibu picha. Kweli, sprei haiokoi wino mbovu, inapunguza tu kasi ya kupauka. Na kweli, picha iliyo nyuma ya kioo kisichoigusa inaweza kuishi bila koti. Basi mwambie mnunuzi hivyo kabla hajalipa!

Mnunuzi wenyewe si jumba la makumbusho. Ni msee wa miaka 27, amelipa kwa M-Pesa mara tatu, na hajawahi kununua sanaa maishani. Picha ikipauka, harudi kwako, na kwa mwenzako haendi.

Mimi huandika maelezo ya maonyesho, kwa hivyo vyeti vya uhalisi napitia vingi. Vina muhuri wa dhahabu, sahihi, namba 3/10. Wino gani? Karatasi gani? Imepakwa nini, lini? Kimya. Chuo niliacha, cheti sina, lakini cheti kisichosema kitu nakitambua. Andikeni hayo mambo manne nyuma ya kila picha. Asiyeweza kuyaandika, apunguze bei.