KITI CHA UKUMBINI KISIUZWE

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme juu ya kile kiti kikubwa cha mikono kilichoko jukwaani, ambacho mguu wake ulivunjika muhula huu. Nasikia mnunuzi wa vitu vya kale amekwisha kukitajia bei, na fedha hizo zitanunua madawati. Ndugu wengine hawangoji hata bei. Wasema ni kiti cha wakoloni, kipelekwe jikoni kikapikie maharage.

Kwanza tukijue. Kwa zile nakshi za madirisha yaliyochongoka kama ya kanisa, wengi tulidhani kina umri wa miaka mia saba. Sivyo. Chini ya ubao wa kukalia mna alama za msumeno wa mashine. Hii ni kazi ya kuiga, ya namna iliyoenea karne ya 19, Waingereza walipoupenda tena mtindo wa Gothiki wa babu zao. Bunge lao lilipoungua mwaka 1834 walilijenga upya kwa mtindo huo, na kiti cha enzi kilichomo kilibuniwa na Augustus Pugin. Bwana huyu alibuni samani za jumba la mfalme, Windsor, mwaka 1827, akiwa na miaka 15 tu! (Mimi nina 17, na kigoda changu cha karakana bado chayumba.) Lakini mwaka 1841 alizikosoa mwenyewe samani zile zile katika kitabu, kwa kuzidi mapambo.

Kiti chetu kina kosa hilo hilo. Ukiegemea, nakshi zakuchoma mgongo. Siku ya Zawadi Mwalimu Mkuu hukaa wima kama askari. Basi sikitetei kwa uzuri. Nakitetea kwa maungio yake. Pale mguu ulipoachia mtu aona wazi: ulimi wa mti huu umeingia katika tundu la mti ule, ukazuiwa kwa kijiti, bila msumari hata mmoja. Madawati yetu yalipigwa misumari, nayo sasa yamelundikana nyuma ya karakana. Simdharau atakaye madawati, maana nasi twakaa watatu watatu. Ila tukinunua mengine ya namna ile, mwakani yatakuwa kwenye lundo lile lile.

Naomba kiti kiletwe karakana. Sisi wa useremala tuunge mguu, kisha tuyafumue madawati mabovu tuyaunge vivyo hivyo. Vipande vya mninga tunavyo. Gundi ndiyo imekwisha.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne