Chai, chokoleti na ushuru: Waingereza wa Marekani wanavyobanwa

Familia za Waingereza zinazohamia Marekani hudhani kwa kuwa lugha ni moja, mambo yatakuwa mteremko. Kumbe kazi iko jikoni. Mkate wa dukani una sukari kama keki. Hata birika la umeme linachelewa kuchemka, maana umeme wa majumbani kule ni volti 120, kwao ni 230.

Chokoleti nayo ni ishu. Cadbury ya Marekani hutengenezwa na Hershey kwa leseni, na ladha si ile waliyoizoea. Mwaka 2015, baada ya kesi, mwagizaji mmoja mkubwa alikubali kuacha kuingiza ile ya Uingereza.

Basi wengi wakategemea vifurushi. Hapo ndipo palipobana: Agosti 29, 2025, Marekani ilifuta msamaha wa ushuru kwa mizigo isiyozidi dola 800. Bidhaa nyingi za Uingereza zikaanza kutozwa asilimia 10, na baadhi ya maduka ya mtandaoni yakasitisha kutuma.

Zilizosalimika ni zawadi za mtu kwa mtu zisizozidi dola 100. Yaani bibi wa Leeds akituma majani ya chai kwa wajukuu, hayalipiwi. Mama yao wa Houston alipoagiza chai hiyohiyo dukani baada ya mabadiliko hayo ya 2025, alilipa.

Na kwa pakiti ya biskuti, ushuru wenyewe si mkubwa hivyo. Kinachouma ni ada ya msafirishaji ya kushughulikia makaratasi, ambayo inaweza kuzidi bei ya biskuti.