Kusafisha Msimbo wa Diski Si Kupoteza Muda

Katika madarasa ya kompyuta hapa Kampala kuna kauli inayorudiwa kana kwamba ni sheria: msimbo ukifanya kazi, usiuguse. Mwanafunzi akipendekeza kusafisha draiva ya mfumo wa mafaili kama mradi wa mwaka wa mwisho, huulizwa kipya ni kipi. Mwenzake mwenye programu ya simu yenye rangi za kuvutia hupita bila swali. Mimi naupinga mtazamo huo.

Draiva hiyo ndiyo inayogeuza ombi la kufungua faili kuwa amri ya kusoma sekta fulani ya diski. Ikikua bila mpango, usomaji hurudiwa kila mahali: kwenye orodha ya mafaili, kwenye jedwali la FAT, kwenye data yenyewe. Kila mahali pana hesabu yake, na kila hesabu hudhani kuwa sekta ni baiti 512. Lakini mfumo wa FAT huandika ukubwa wa sekta katika sekta yake ya kwanza, nao waweza kuwa 512, 1024, 2048 au 4096. Kwa nini tukisie kilichoandikwa?

Kosa la pili ni la namba. Ukizidisha namba ya sekta kwa 512 ndani ya biti 32, hesabu ikifika GB 4 hurudi sifuri. Kwenye flashi ya GB 8, sekta ya 8,388,608 husomwa kama sekta ya 0. Programu haianguki wala hailalamiki. Inakupa data ya mahali pengine.

La tatu ndilo baya zaidi. Diski ikishindwa kusoma na msimbo usikague kosa, bafa hubaki na data ya zamani, na draiva huichukua kuwa ndiyo mpya. Jedwali la FAT likisomwa hivyo kisha likaandikwa tena, mafaili yaliyokuwa mazima huharibika. Wengi wetu tunatumia kompyuta za mitumba, umeme hukatika, na tasnifu hupelekwa kuchapwa Nasser Road kwa flashi. Kwetu sisi diski mbovu si mfano wa kitabuni.

Dawa yake ni fanksheni moja ya kusoma: ikague mipaka, ihesabu kwa biti 64, irudishe data au kosa. Msimbo mwingine wote upitie hapo. Hata xv6, mfumo endeshi mdogo wa MIT wa kufundishia, husoma bloku zake kupitia mlango mmoja uitwao bread.

Wapo watakaosema kuwa kugusa msimbo wa zamani huleta makosa mapya. Ni kweli, ukiugusa kwa pupa. Badilisha mahali pamoja kwa wakati mmoja. Tengeneza picha za diski zenye sekta za ukubwa tofauti, kisha linganisha majibu ya kabla na ya baada. Kazi hiyo haihitaji mashine ya gharama.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Walimu wetu, mradi unaofuta mistari 300 ya msimbo na kuacha 60 inayokagua makosa upewe alama sawa na mradi unaoongeza mistari 3,000. Nanyi wenzangu, msione haya kuuchagua.