Tunapovuka Ziwa Kwenda kwa Ndugu

Familia nyingi za Kigoma na Ujiji zina ndugu ng'ambo ya Ziwa Tanganyika: Bujumbura, Uvira, Kalemie. Twavuka kwa harusi, misiba na biashara, na kwa kuwa Kiswahili chasikika kote huko, twajiona tungali nyumbani. Hapo ndipo tunapoghafilika.

Kwanza ni chombo. Desemba 2014 meli ya MV Mutambala ilizama ikitoka Kalemie kwenda Uvira. Zaidi ya watu 100 walifariki. Mtume (s.a.w.) alimuelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Kumvika mtoto jaketi la kujiokolea na kukataa boti iliyojaa kupita kiasi ndiko kumfunga ngamia kwetu.

Pili ni barabara. Burundi na Kongo magari hupita kulia. Mtoto aliyezoea kwetu hutazama upande usio na gari. Basi na ashikwe mkono.

Tatu ni saa. Ng'ambo wako nyuma yetu kwa saa 1. Magharibi iingiayo Ujiji karibu saa 1 usiku, Bujumbura huingia karibu saa 12 jioni. Msafiri wa Ramadhani anayekula daku kwa mazoea ya nyumbani, hali simu imeshabadilika, huenda akala Alfajiri imeshaingia.

Burundi nako, Jumamosi asubuhi ni wakati wa kazi za jamii. Tusione haya kumuuliza mwenyeji na kumtii katika mema. Kuuliza si udhaifu. Ni adabu ya mgeni, na ni amana ya roho tulizosafiri nazo.